Kungwi wa Mwaka wa Ishirini na Tano

Mwanamke anayeolewa Dar es Salaam leo huenda akafundwa mara tatu. Kwanza hufundwa na kungwi au somo, kama kwao desturi hiyo bado ipo, kwa siku kadhaa za ndani ambazo mambo yake hayasimuliwi nje. Kisha hufundwa ukumbini, kwenye kicheni pati, ambako shangazi, majirani na mashoga wa mama yake humkabidhi masufuria, seti za sahani na maneno makali kuhusu kumtunza mume. Mwisho hufundwa na padri, mchungaji au shehe, ambaye humketisha pamoja na mchumba wake na kuwaeleza haki na wajibu wa kila mmoja. Mwanamume hafundwi kwa wingi huo, lakini naye hukalishwa na wajomba jioni moja kabla ya harusi, akaambiwa kwamba mke hapigwi, kwamba siri za ndani hazitoki, na kwamba mkwe ni mzazi.

Baada ya hapo hakuna tena. Mafunzo yote tuliyo nayo kuhusu ndoa yamerundikwa mlangoni, yakapewa watu wawili ambao bado hawajaijua shida hata moja kati ya zile wanazofundwa, na anayeivuka miaka ishirini ya ndoa hana mtu, mahali wala siku iliyotengwa ili afundwe upya. Nimekuwa nikikaa kwenye vikao vya usuluhishi vya ukoo wetu kwa muda sasa, na ninayoyaona humo yamenifanya niamini kwamba ndoa nyingi zinazoyumba wenyewe wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 60 haziyumbi kwa sababu watu wamekuwa waovu. Zinayumba kwa sababu kazi waliyofundwa kuifanya imekwisha, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna kazi nyingine.

Watu wa pwani wanajua kwamba jahazi halikaguliwi siku ya kushushwa majini tu. Kila baada ya muda hupandishwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, likakwanguliwa chaza na majani, likatiwa kalafati upya kwenye maungio ya mbao na kupakwa mafuta, kisha likarudishwa baharini. Hakuna nahodha anayeliona zoezi hilo kuwa aibu, wala anayesema kwamba chombo kinachohitaji kalafati kiliundwa vibaya. Katika ndoa tuna sherehe ya kushusha chombo, na tuna jubilei ya miaka 25 ambayo ni sherehe nyingine: misa au dua, keki, sare za kitenge, watoto wakiwashukuru wazazi kwa kipaza sauti. Nimehudhuria jubilei kadhaa na nimecheza muziki wake kwa furaha. Sijaona hata moja ambayo wanajubilei walikalishwa chini na kuulizwa, kwa upole na faraghani, wanalalaje, wanazungumzaje, na wanaiogopa nini miaka iliyobaki.

Tazama kwanza namna tunavyoitana. Akizaliwa mtoto wa kwanza, majina ya wazazi hufunikwa: mke huwa Mama Fulani na mume Baba Fulani, kwa majirani, dukani na kitandani. Ni adabu nzuri, na sina nia ya kuipiga vita. Lakini desturi hiyo inasema ukweli kuhusu jinsi tunavyoijenga ndoa, kwamba kwa muda wa miaka ishirini na zaidi watu wawili hufahamiana kupitia kazi ya kulea. Wanazungumza kila siku, na karibu kila neno linahusu ada, sare, homa, matokeo ya mtihani, mchango wa harusi ya binamu, bati za nyumba inayojengwa. Mawasiliano si haba hata kidogo. Ni mengi na ya haraka, kama ya watu wanaofanya kazi kiwanda kimoja. Siku mtoto wa mwisho anapoondoka kwenda chuo au kwake, kiwanda hufungwa, na wafanyakazi wawili hubaki uani wakitazamana. Yule mtoto ambaye jina lake walikuwa wakiitana yuko Mwanza au Muscat, na anapiga simu Jumapili.

Ndipo mambo madogo yanapoanza kuonekana makubwa. Kuna mke ambaye alihamia chumba cha watoto wakati mdogo alipougua pumu, akawa analala huko ili amsikie akikohoa. Mtoto sasa ana miaka 22 na hayupo nyumbani, lakini mama hajarudi chumbani, na hakuna mmoja kati yao aliyewahi kulitamka jambo hilo. Hawakugombana wala hawakuachana, ila walizoea tu, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, kwa sababu kuanza kungekuwa kama kuomba, na katika umri huo watu wengi wanaona haya kuomba kile walichopewa bure walipokuwa vijana.

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo uharibifu mkubwa unapofanyika bila ya mtu kukusudia. Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55, na dalili zake zinaweza kutangulia kwa miaka kadhaa. Joto hupanda ghafla usoni na kifuani, jasho hulowesha shuka usiku, usingizi hukatika, moyo hubadilika bila sababu inayoonekana, na kwa wengi uke hukauka kiasi kwamba tendo la ndoa linauma. Mambo haya yana maelezo ya kitabibu yaliyo wazi, kwamba homoni ya estrojeni inapungua, na yana tiba pia, kuanzia vilainishi vya kawaida hadi krimu ya homoni ambayo daktari anaweza kuiandika. Tatizo ni kwamba wanawake wengi hawakuambiwa haya na mtu yeyote. Kungwi alimfundisha binti habari za kuvunja ungo na habari za usiku wa kwanza; habari za kukatika siku hazikuwemo katika mafunzo, labda kwa sababu mwali wa miaka 20 hazimhusu, na mwanamke wa miaka 50 hakuna anayemtia ndani tena.

Upande wa pili wa kitanda kuna mwanamume ambaye ana presha, au kisukari, au vyote viwili, kama ilivyo kwa wengi wa rika lake mijini. Kisukari kikikaa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Hilo nalo lina maelezo na lina njia, kwa kuwa daktari akiambiwa anaweza kubadilisha dawa au kurekebisha dozi. Lakini mwanamume haambii daktari, kwa sababu daktari ni kijana wa umri wa mwanawe, na kwenye foleni ya kliniki kuna majirani. Anachofanya ni ama kuacha dawa za presha kimyakimya, jambo ambalo linaweza kumletea kiharusi, ama kununua vidonge na mizizi inayotangazwa kwenye kuta na nguzo za umeme. Na kama tayari anatumia dawa za moyo za aina ya naitreti, baadhi ya vidonge hivyo vya nguvu vinaweza kuishusha presha yake hadi akaanguka.

Sasa waweke watu hawa wawili pamoja, bila maneno. Mke anamkwepa mume kwa sababu inauma, naye mume anahitimisha kwamba amechokwa, au kwamba yuko mwingine. Mume anamkwepa mke kwa kuwa anaogopa kushindwa, naye mke anahitimisha kwamba nguvu zinaishia nyumba ndogo. Mabadiliko ya mwili ambayo kila binadamu akiishi atayapitia yamegeuzwa kuwa ushahidi wa usaliti, na kesi inaendeshwa ndani ya kichwa cha kila mmoja, usiku, bila wakili. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho wazee walisikiliza kwa saa tatu mashtaka ya mume kwamba mkewe "amekuwa mwanamke mwingine", na mashtaka ya mke kwamba mumewe amempa "mgongo kwa miaka minne", na hakuna hata mmoja kati yetu, watu wazima tisa, aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza swali la afya. Tuliwaambia wavumiliane, tukala pilau, tukaondoka. Ninalikumbuka hilo kwa aibu.

Wapo watakaosema kwamba ninawatafutia visingizio wanaume wenye michepuko. Sikatai kwamba ipo, wala kwamba inaumiza, na kwamba mwanamume wa miaka 52 mwenye mtoto mchanga mtaa wa pili ameitia nyumba yake katika hesabu ambayo warithi wataendelea kuidai hadi baada ya mazishi. Ninachokataa ni mazoea ya kuuanzia uchambuzi hapo na kuumalizia hapo hapo. Mchepuko wa ujanani na mchepuko wa umri wa kati si kitu kimoja. Wa pili mara nyingi ni mtu anayekimbia kioo: anatafuta mahali ambapo yeye bado hajawa Baba Fulani mwenye vidonge vya presha, mahali anapoitwa kwa jina lake. Kulielewa hilo hakumsafishi, lakini kunamsaidia anayetaka kusuluhisha kujua asuluhishe nini.

Suala la fedha linafuata, na kwa familia za watumishi lina tarehe kamili. Utumishi wa umma Tanzania unaruhusu kustaafu kwa hiari ukifika miaka 55 na kwa lazima ukifika 60, hivyo kila mwanandoa mtumishi anajua, miaka thelathini kabla, ni mwezi gani mshahara utakoma. Pamoja na hayo, nyumba nyingi mke hajui mshahara wa mume, na katika miaka ya karibuni mume naye hajui hisa za mke katika VIKOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Kisha likaja suala la kikokotoo, yaani hesabu inayoamua ni sehemu gani ya mafao mstaafu atalipwa kwa mkupuo. Mwaka 2018 kanuni mpya zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, yakazuka malalamiko, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikawekwa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakilipwa nusu. Mjadala ule ulikuwa wa haki na hesabu, na bungeni ulijadiliwa hivyo. Majumbani ulikuwa na sura nyingine: mume aliyemwahidi mkewe kumalizia nyumba kwa nusu ya mafao yake alirudi na theluthi, na kwa kuwa hakuwahi kumwonyesha hesabu za mwanzo, mke alidhani tofauti ile imekwenda kwa mwanamke mwingine. Siri ya miaka yote ndiyo iliyomponza, maana aliposema kweli hakuaminika.

Wakati huo huo mizani ya uchumi ndani ya nyumba imekwisha kugeuka. Mke aliyeanza na biashara ya maandazi au genge, akajiunga na kikundi, akakopa na kurejesha, sasa akiwa na miaka 50 ana fremu mbili na marafiki ishirini wanaokutana kila wiki. Mume anatoka kazini na kuacha ofisini kila kilichokuwa kikimpa uzito: kiti, simu ya mezani, vijana wa kumwamkia. Anahamia mchana kutwa katika nyumba ambayo kwa miaka thelathini alikuwa anafikia jioni tu. Huko ni himaya ya mtu mwingine, na yeye hajui utaratibu wake. Anaanza kuuliza kwa nini mkaa unaisha haraka, anahesabu nyanya, anamwelekeza dada wa kazi namna ya kufagia uwanja. Wanawake hulisimulia jambo hili kwa kicheko, lakini nimeona kicheko hicho kikikatikia njiani. Aliyezoea kuongoza idara hawezi kukaa bila idara. Asipopewa au asipojitafutia ya kwake, ataichukua ya mkewe.

Juu ya hayo kuna wazazi. Mama wa upande mmoja amekuwa mzee, haoni vizuri, analetwa mjini kutibiwa na habaki siku kumi kama ilivyosemwa. Chumba kilichoachwa na watoto kimepata mpangaji, na mke ambaye alitarajia kupumzika kulea anaanza kulea upya. Sitalirefusha jambo hili; kila anayesoma ana mfano wake.

Je, taasisi zetu zinasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani, isipokuwa kwa mazingira maalumu, na baraza likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na makanisa yana mabaraza ya namna hiyo, na mengine yapo katika kata. Nia ya sheria ilikuwa njema, kwani iliona kwamba mahakama haifai kuwa mlango wa kwanza. Lakini wanaofika barazani wakiwa na miaka 50, kwa niliyoyaona, aghalabu hawaji kusuluhishwa. Wanakuja kuchukua hati. Uamuzi walikwisha kuufanya zamani, katika vyumba viwili vya nyumba moja, na kilichobaki ni viwanja, nyumba na mafao.

Hapo sheria ina mengi ya kusema, na ingefaa watu wayajue wakiwa bado wanapatana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Msimamo huo ulibadilisha maisha ya wanawake wengi waliokuja nyuma yake, ingawa mama yule mwenyewe hakuambulia mgawo alioudai. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini mchango hupimwa, haudhaniwi. Anayefikiri kwamba mahakama itagawa nusu kwa nusu kwa kuwa tu wameishi miaka thelathini anaweza kushangaa, kama walivyoshangaa baadhi ya Wakenya Januari 2023, Mahakama ya Juu ya kwao iliposema kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi mgawo wa nusu kwa nusu na kwamba kila upande lazima uthibitishe mchango wake.

Niseme pia, ili nisieleweke vibaya, kwamba si kila ndoa ya miaka mingi inapaswa kuokolewa. Mwanamke anayepigwa akiwa na miaka 55 hakupigwa kwa sababu ya kukoma hedhi wala kikokotoo, na wazee wanaomrudisha kwa hoja kwamba "mmetoka mbali" wanamrudisha kwenye hatari. Umbali waliotoka si dhamana ya kitu. Kwa huyo, baraza na mahakama ndiyo njia, na haraka. Ninaozungumza habari zao ni wale wengi waliomo katikati, ambao hawachukiani, ambao mmoja akilazwa hospitali mwingine hulala kwenye benchi, lakini ambao wakiwa nyumbani hawana la kusema baada ya taarifa ya habari.

Kwa hao napendekeza tuihuishe kazi ya kungwi, safari hii kwa wakubwa, na tuifanye kwa njia ambazo tayari tunazo. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki zinakutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Madarasa ya misikitini yapo. Vikundi vya VIKOBA vinamkutanisha mwanamke wa miaka 50 na wenzake ishirini wanaopitia lile lile analopitia, na muuguzi mmoja akialikwa kwa saa moja atamaliza ujinga wa miaka. Qurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, inaagiza apelekwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke pale mfarakano unapohofiwa. Inasema unapohofiwa, haisubiri utokee. Sisi tumeifanya kazi ya waamuzi hao kuwa ya kuzima moto, nao hufika mapaa yakiwa yamekwisha anguka.

Wahudumu wa kliniki za presha na kisukari nao wana nafasi ambayo hakuna mwingine aliye nayo, kwa kuwa wanaonana na mwanamume huyu kila mwezi. Swali moja, likiulizwa mlango ukiwa umefungwa, kama dawa zimemletea shida yoyote chumbani, lingewaokoa wengi kwa gharama ya dakika tano.

Na kuna semina za wastaafu watarajiwa. Waajiri wengi na mifuko ya hifadhi ya jamii huziandaa, na mtumishi aliyebakiza mwaka mmoja au miwili huitwa ukumbini akafundishwa kuhusu mafao, hati fungani, ufugaji wa kuku na hatari za matapeli. Mafunzo hayo ni mazuri. Nilipohudhuria yangu tulikuwa watu kama sitini, na kila mmoja alikuja peke yake, kwa sababu barua ya mwaliko ilikuwa na jina moja. Mkufunzi alitufafanulia kwa siku mbili jinsi ya kuishi na fedha kidogo, na hakuna aliyetaja kwamba tutakuwa tunaishi na mtu. Jioni nilimsimulia mke wangu niliyoyakumbuka, nikiwa nimesahau nusu, naye akauliza maswali matano ambayo nilipaswa kumwuliza mkufunzi na ambayo hayakunijia. Kuandika majina mawili kwenye barua ile kungemgharimu mwajiri chakula cha mchana cha mtu mmoja kwa siku mbili.